Vodafasta Wamesingiziwa Mengi

Kati ya stendi ya Korogwe na Chanika, pale Handeni mjini, kuna kilomita 65 za lami, na katika kilomita hizo hukosi abiria mwenye shahada isiyompa kazi. Amesoma uhasibu, sosholojia, kilimo au uhandisi wa maji. Leo anauza duka la pembejeo la shemeji yake, au anajitolea kufundisha shule ya kata kwa posho inayochangwa na wazazi. Siku hizi mtu huyo ana mada moja tu, nayo ni PGDE, Stashahada ya Uzamili ya Ualimu. Unasoma mwaka mmoja juu ya shahada uliyonayo, unakwenda TP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, unahitimu, unakuwa mwalimu anayetambulika. Akishalitamka hilo, gari zima linakuwa na la kusema.

Mengi yanayosemwa nayafahamu kwa moyo. Mengine ni ya kudharau, mengine ni ya kupamba, na ajabu yake ni kwamba pande zote mbili zinatazama kitu kilekile: urefu wa kozi. Anayeidharau anasema ni fupi mno. Anayeinadi anasema ni fupi, njoo haraka. Hakuna anayeuliza ndani ya mwaka huo mtu anasimama mbele ya wanafunzi mara ngapi, na ni nani amekaa benchi la nyuma akimtazama. Nitayajibu moja baada ya jingine, ila sitayapa nafasi sawa, maana hayana uzito sawa.

"Hao ni Vodafasta wengine"

Hili ndilo linalouma kuliko yote, na ndilo lenye historia ndefu. Kwa msomaji wa umri mdogo: Vodafasta lilikuwa jina la muda wa maongezi wa Vodacom, watu wakalibandika kwa vijana wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya wiki chache na leseni ya kufundisha, kisha wakapelekwa shule za kata. Ilikuwa enzi za MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004. Mwaka huo nchi ilikuwa na shule za sekondari 1,291. Mwaka 2009 zilikuwa 4,102. Wananchi walisomba mawe na mchanga, kata baada ya kata, na madarasa yakajaa kabla vyuo havijaweza kutoa walimu wa kuyatosha. Serikali ilianzisha vyuo vishiriki vya elimu, DUCE na MUCE, mwaka 2005, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ili kuongeza walimu wa shahada. Lakini shahada huchukua miaka mitatu, na mtoto wa kidato cha kwanza alikuwa ameshafika, daftari mkononi, anangoja. Vodafasta wakaziba pengo.

Sasa walinganishe. Vodafasta alikuwa kijana wa miaka 20 hivi, ambaye somo lake hajalisoma zaidi ya kidato cha sita, na mafunzo yake ya ualimu yalikwisha kabla hajazoea kushika chaki. Anayesoma PGDE ana shahada nzima nyuma yake, na juu ya hapo anasoma saikolojia ya elimu, mtaala, upimaji na mbinu za kufundishia masomo yake mahususi, kisha anapelekwa shule kufundisha huku akisimamiwa. Kuwapa hawa wawili jina moja ni uvivu wa kufikiri.

Ningeweza kuishia hapo, nikashinda hoja na kuondoka. Sitaki, kwa sababu jibu hilo linawaacha Vodafasta wenyewe wakibeba lawama isiyo yao. Februari 2013 matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka, karibu watahiniwa sita kati ya kila kumi walikuwa wamepata sifuri. Nchi ilitafuta mchawi, na mchawi wa karibu alikuwa yule kijana wa leseni. Alikuta nini lakini alipofika shuleni? Jengo lisilo na maabara, vitabu vya kugombania, watoto waliotoka kusoma kwa Kiswahili miaka saba wakatumbukizwa kwenye Kiingereza ndani ya Januari moja, na katika shule nyingine mkuu wa shule ambaye ndiye pia mwalimu wa masomo matatu. Nani angemwonyesha kazi? Kosa halikuwa kwamba alifika haraka. Alifika hana wa kumshika mkono.

Nina ushahidi wa kuthubutu kusema hivyo, nao ni wa zamani zaidi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe na nafasi shule ya msingi, mpango uliojulikana kama UPE. Walimu wangetoka wapi? Walichukuliwa wahitimu wa darasa la saba, naam, la saba, wakafundishwa ualimu kazini kwa miaka mitatu: sehemu ya siku anafundisha kijijini kwake, sehemu nyingine anasoma kwa vitabu vya posta na vipindi vya redio, huku waratibu elimu kata wakizunguka kuwatazama, na mwishoni majuma machache chuoni. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Mwaka 1989 watafiti Mählck na Temu walichapisha kazi iliyowalinganisha walimu hao na wale waliokaa chuoni kwa utaratibu wa kawaida, na tofauti waliyoikuta ilikuwa ndogo kuliko wengi walivyotarajia. Watu wa UPE walikuwa na elimu ndogo kuliko Vodafasta, ila walikuwa na kitu ambacho Vodafasta hakupewa. Kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuja kuwaona wakifundisha, tena zaidi ya mara moja.

Ukitaka mfano wa upande wa pili, uko Dodoma. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilianza kupokea vijana wa kidato cha nne kwa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na teknolojia. Haikuwa kozi ya wiki chache. Ilikuwa ya miaka kamili, ndani ya mojawapo ya vyuo vikuu vikubwa nchini. Mei 2016 wanafunzi 7,802 wakaambiwa waondoke, na wengi waliokuja kuchambuliwa na kuonekana wana sifa wakapelekwa kwenye vyuo vya ualimu vya serikali. Kilichoivuruga ni mgogoro wa malipo ya wahadhiri na swali la nani alistahili kuingia, si uchache wa miezi. Kozi ndefu nayo huanguka.

Kuna wanaomalizia hoja hii kwa "haraka haraka haina baraka", kana kwamba methali ni utafiti. Mwalimu Nyerere alitoka Makerere katikati ya miaka ya 1940 akiwa na stashahada ya ualimu, bila shahada, akaenda kufundisha St. Mary's Tabora, shahada aliifuata Edinburgh baadaye. Na mwaka 1961, nchi ilipopata uhuru ikiwa na wahitimu wachache wa kuhesabu, Wamarekani wenye shahada zao walianza kuletwa chini ya mpango wa Walimu wa Afrika Mashariki, uliosimamiwa na Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia. Baadhi yao walisoma stashahada ya elimu Makerere kwa mwaka mmoja, wakasambazwa Tanganyika, Kenya na Uganda. Babu zetu wenye vyeti vya sekondari vya miaka hiyo wamefundishwa na watu wa kozi ya mwaka mmoja, na sijasikia mzee yeyote akiwaita Vodafasta. Rangi ya mwalimu huenda ilisaidia.

"Aliyesoma somo lake hadi shahada, kufundisha kutakuja kwenyewe"

Hili linasemwa na wenye shahada wenyewe, hasa wahandisi, na linatoka upande ulio kinyume kabisa na la kwanza: kwamba hata huo mwaka mmoja ni kupoteza wakati na ada. Nimpe haki yake msemaji. Ni kweli kwamba mwalimu asiyelijua somo hana cha kufundisha, na mbinu zote za duniani hazimsaidii. Lakini kuijua barabara ya Segera kona kwa kona hakumfanyi mtu dereva wa basi.

Chukua jambo dogo kabisa. Mtoto wa kidato cha kwanza anaandika ubaoni nusu jumlisha theluthi, anapata mbili ya tano. Mhandisi anaona kosa papo hapo, anafuta, anasema tafuta kwanza kigawe kidogo cha shirika. Mtoto anainakili njia, anaondoka, na wiki ijayo anaandika mbili ya tano tena. Mwalimu aliyefundwa hafuti. Anauliza: ulikuwa na nusu, ukaongezewa kitu, ulichonacho sasa ni zaidi ya nusu au pungufu? Halafu anamwacha mtoto aitazame mbili ya tano na kugundua kwamba ni ndogo kuliko nusu. Mwalimu huyo hajui hesabu kumzidi mhandisi. Anachokijua ni kosa: anajua kwamba mtoto amejumlisha vya juu na vya juu, vya chini na vya chini, na kwamba kosa hilo linatokana na kuiona sehemu kama namba mbili zilizopandana badala ya kiasi kimoja. Anajua pia kwamba darasani wako wengine ishirini wenye kosa hilohilo, wamenyamaza.

Mmarekani Lee Shulman aliandika mwaka 1986 kwamba ujuzi huu ni wa aina yake, si ule wa somo wala si ule wa ufundishaji kwa jumla: kujua somo fulani linakwama wapi kichwani mwa anayejifunza, na linakwamuliwa kwa mfano gani. Hupati hilo kwenye shahada ya uhandisi. Unaweza kulipata kwa kufundisha miaka kumi bila msaada, wapo waliolipata hivyo, lakini hao wanafunzi wa miaka yako mitano ya kwanza walikukosea nini?

Handeni ina jambo lake la ziada. Vijiji kama Kwamsisi vina watoto ambao Kizigua ndicho cha nyumbani, Kiswahili ni cha shule ya msingi, na Kiingereza kinaanza kuwa lugha ya karibu masomo yote siku wanapoingia sekondari. Mwenye shahada ya kemia anayeingia darasa hilo akafundisha moli kama alivyofundishwa yeye chuo kikuu, kwa Kiingereza cha chuo kikuu, atamaliza silabasi kwa wakati na hatakuwa amefundisha. Kozi nzuri ya ualimu inamlazimisha aandike andalio la somo linaloonyesha mwanafunzi atafanya nini dakika kwa dakika katika kipindi cha dakika 40, si yeye atasema nini. Wengi hulichukia andalio, wanaliona karatasi ya kumridhisha mkaguzi. Nami nimeyaona maandalio mengi ya kumridhisha mkaguzi. Bado sijaona njia nyingine ya kumfanya mtu mwenye shahada aache kuhutubia.

Tena kuna sheria. Tangu Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, anayefundisha ametakiwa awe amesajiliwa kuwa mwalimu, au awe na leseni ya kufundisha. Shahada ya kitu kingine haimsajili mtu. Shule binafsi hufumba macho zinapokuwa na uhaba wa mwalimu wa fizikia, na shule za kata huwapokea wanaojitolea kwa sababu hazina jinsi, lakini kufumbiwa macho si haki, na siku ikitokea shida hutakuwa na karatasi ya kukusimamia.

"Korogwe kuna chuo cha ualimu, kwa nini asiende pale?"

Kwa kifupi: kwa sababu atarudi nyuma. Chuo cha Ualimu Korogwe ni cha serikali, cha siku nyingi, na wakufunzi wake wanaijua kazi. Lakini kinatoa stashahada kwa waliomaliza sekondari. Mwenye stashahada huajiriwa Mwalimu Daraja la III B; mwenye shahada, Daraja la III C, na mshahara wake unaanzia ngazi ya juu zaidi. Mtu mwenye shahada hana sababu ya kukaa miaka chuoni ili aajiriwe chini ya elimu aliyonayo. Sababu ya kwenda chuo cha Korogwe ni nyingine: kuomba kukaa nyuma ya darasa na kuwatazama wakufunzi wakiwafundisha vijana wao mbinu za somo unalolisoma. Hilo ni la kuomba kwa adabu, na sidhani kama litakataliwa.

"Bora ukasome masta moja kwa moja"

Hapa ndipo vijana wengi wanapopoteza fedha. Wanasikia kwamba Marekani mtu mwenye shahada ya kawaida anasoma shahada ya uzamili ya ualimu mwaka mmoja au miwili na anatoka na vyote viwili, masta na kibali cha kufundisha. Ni kweli, Harvard ilianza shahada ya namna hiyo mwaka 1936. Wanasikia kwamba Finland mwalimu wa shule hutakiwa kuwa na shahada ya uzamili. Hilo nalo ni kweli. Kisha wanaona tangazo la shahada ya uzamili ya elimu katika chuo cha hapa nchini, utawala na mipango ya elimu kwa mfano, wanahesabu kwamba masta ni kubwa kuliko stashahada ya uzamili, wanalipa.

Sasa soma tangazo lolote la ajira za walimu wa sekondari serikalini. Linataka shahada ya ualimu, au shahada nyingine pamoja na Stashahada ya Uzamili ya Ualimu. Masta ya utawala wa elimu haimo, kwa sababu kozi hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu ambao tayari ni walimu: mkuu wa shule, afisa elimu, mkufunzi. Haina TP, au ina utafiti mahali ambapo wewe ulihitaji kusimama ubaoni. Masta ya Marekani na ya Finland ina mafunzo ya ubaoni ndani yake. Ndiyo maana inampa mtu kazi. Uingereza wana cheti chao cha mwaka mmoja baada ya shahada, PGCE, ambacho mara nyingi huhesabiwa kama sehemu ya masta ambayo mhitimu anaweza kuimalizia baadaye. Mpangilio huo una akili: kwanza darasa, halafu cheo cha kitaaluma. Hapa kwetu pia, anza na PGDE. Masta ina wakati wake, na ukiifuata ukiwa na miaka mitatu ya darasani utakuwa na cha kuandika.

"Kusoma kwa masafa si kusoma"

Chuo Kikuu Huria kilianzishwa mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, na kituo chake cha mkoa kiko Tanga mjini. Kwa mtu wa Mkata au Kabuku mwenye shamba na watoto, hiyo ndiyo njia inayowezekana. Kumwambia hasomi wakati anakesha na moduli ni dharau tu, na wahitimu wa UPE waliosoma kwa redio na posta wameshamjibia.

Lakini hoja hii ina punje ya ukweli ambayo wanaoitetea njia ya masafa hawapendi kuigusa. Nadharia inasomeka popote. TP haisomeki popote. Msimamizi anayetoka mbali ana ratiba na posho ya siku chache, na shule iliyo kando ya barabara kuu ya Segera ni rahisi kwake kuifikia kuliko iliyo ndani huko Kilindi au Kang'ata. Mwanafunzi naye anajua hivyo, anachagua shule ya kando ya lami ili aonwe, au anachagua ya ndani kabisa ili asionwe. Ndiyo maana namshauri kila anayesoma kwa masafa asimtegemee msimamizi wa chuo pekee. Amtafute mwalimu mzoefu wa somo lake shuleni pale pale, amwombe aingie vipindi vyake viwili kwa wiki, na baada ya kila kipindi wakae dakika kumi waongee. Halipii chochote. Mara nyingi mwalimu mzoefu hufurahi kuombwa, maana hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba anajua kitu.

"Ukimaliza, ajira inakungoja"

Uongo, na huu ni wa wenye kunadi. Januari 2025 usaili wa walimu ulipofanyika mikoani, waombaji walikuwa zaidi ya 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000. Humo wamo waliomaliza ualimu tangu mwaka 2015. Wanafanya mtihani wa mchujo na mahojiano kama waombaji wa kazi nyingine, na cheti cha PGDE hakimpitishi mtu mlango wa pembeni. Anayekuambia uhaba wa walimu ni mkubwa kwa hiyo kazi ipo anachanganya mambo mawili: uhaba uko darasani, nafasi iko kwenye bajeti ya serikali.

Kinachouma zaidi ni suala la masomo. Mwalimu wa sekondari huajiriwa kwa masomo ya kufundishia. Mwenye shahada ya hisabati, fizikia, kemia au biolojia anaeleweka. Mwenye shahada ya uhasibu ana masomo ya biashara. Je, kijana mwenye shahada ya maendeleo ya jamii atafundisha somo gani? Vipo vyuo vitakavyompokea, vitamfundisha saikolojia ya elimu kwa ustadi, na atahitimu kwa heshima akiwa hana somo linalotajwa kwenye tangazo lolote. Kabla hujalipa ada, chukua tangazo la mwisho la ajira za walimu na nakala ya matokeo yako ya shahada, ziweke sambamba mezani. Hazisomani? Tafuta kazi nyingine mapema. Na hakikisha chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Mwaka 2017 watumishi wa umma 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, na tangu hapo serikali haina mzaha na karatasi.

Mahali ninapoona nafasi ya kweli ni mkondo wa amali, ulioanza mwaka 2024 katika baadhi ya shule kwa kidato cha kwanza. Mkondo huo unahitaji watu wa kilimo, ujenzi, umeme, ushonaji, na vyuo vya ualimu vya kawaida havikuwa vimewaandaa. Fundi sanifu wa Korogwe au mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, aliyekulia kwenye machungwa ya Kabuku ana kitu ambacho mwenye shahada ya ualimu wa kawaida hana. Akiongezewa mafunzo ya ufundishaji, iwe PGDE au Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro, shule yenye mkondo huo itamhitaji.

"Ni kazi ya waliokosa kazi"

Wengi, ndiyo. Waliokosa kazi ni wengi katika kila taaluma siku hizi, na sijaona daktari akihojiwa kama aliingia kwa wito au kwa alama. Kinachomhusu mwanafunzi ni kama mwalimu anajiandaa, anaingia darasani na anasahihisha madaftari.

"Hawatakaa Handeni"

Hoja hii ninaiheshimu, kwa sababu wazazi wa Handeni wameiishi. Mwalimu mpya anaripoti Julai, Desemba anaomba uhamisho. Wanaamini kwamba mtu aliyeuingia ualimu kwa njia fupi ataukimbia kwa njia fupi vilevile.

Tuangalie wanakimbia nini. Handeni ni kavu. Maji ya HTM, mradi wa bomba kuu la Handeni, yanatoka mto Pangani, upande wa Korogwe, yanasafirishwa kwa bomba kuja mjini na vijijini, na historia ya mradi huo tangu miaka ya sabini ni historia ya mabomba kupasuka na mgao. Mwalimu wa kike anayepangiwa kijiji ambacho dumu la maji linanunuliwa, nyumba ya mwalimu hakuna na chumba cha kupanga hakina mlango wa maana, hahitaji kuwa Vodafasta ili aondoke. Ataondoka hata akiwa na shahada ya ualimu yenye daraja la kwanza. Korogwe mjini, yenye mto, reli na barabara kuu, haina kilio hiki kwa kiwango hicho, ingawa walimu wake wamesoma vyuo vilevile.

Kwa hiyo swali la nani atakaa halijibiwi kwa kutazama urefu wa kozi. Linajibiwa zaidi kwa kutazama mtu ametoka wapi na atalala wapi. Hapa njia ya PGDE ina faida ambayo wapinzani wake hawajaihesabu: inawapata watu wazima. Mtu wa miaka 32 mwenye shahada, ekari nne za mahindi Sindeni, mke na watoto wawili, na mama mzazi aliye nyumba ya tatu, hana haja ya kuhamia Dar es Salaam. Ana nyumba. Anajua maji yanapatikana wapi. UPE iliwatumia watu kwenye vijiji vyao wenyewe kwa sababu hiyohiyo, na ni sehemu ya mpango ule ambayo tumeisahau kuliko zote, tukabaki na kumbukumbu ya madarasa chini ya miembe.

Halmashauri ya Handeni ikitaka kujua ni nani kati ya wenye shahada wa wilaya hiyo angedumu darasani baada ya kupata PGDE, wakuu wa shule za kata wanayo orodha. Ni wale wanaojitolea, ambao mwaka wa tatu huu wanafundisha fizikia na hisabati kwa posho ya wazazi, na bado hawajaondoka.